"Nimpake nini?" si swali la kwanza

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua nje, hapa Pasua, mjini Moshi, mtoto wa jirani akapita getini amebeba chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa oili chafu mpaka shingoni. Nikamuuliza anaipeleka wapi.

"Mama kanituma gereji. Ni ya Simba, ana upele."

Niliacha nguo kwenye beseni nikamfuata.

Simba, mbwa wao, alikuwa amefungwa chini ya mparachichi. Ncha za masikio hazina manyoya, viwiko vimekakamaa kama kisigino chenye magaga. Mgongoni alishapakwa juzi yake, maana ulikuwa mweusi, unang'aa, vumbi na majani makavu vimenasia. Alikuwa anajilamba ubavu, taratibu, bila kupumzika, na kila ulimi ulipopita ulirudi mweusi mdomoni.

Nikamwamkia mama mwenye nyumba, nikamwomba tuiache ile chupa kwanza. "Mwanangu, mbona hii ndiyo dawa yenyewe," akaniambia. "Kule kihambani baba yao amewapaka mbwa miaka yote."

Najua. Hata kwetu Kibosho tulipaka. Nilikuwa darasa la sita, na mimi ndiye niliyepewa kopo na kitambaa nimpake Popi. Nilimpaka vizuri, mpaka kwapani, kwa sababu nilimpenda na nilitaka apone. Siku ya tatu akaanza kutapika, uji hataki, hata maziwa hataki. Siku ya tano hakuamka. Nyumbani tukasema upele umemmaliza. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kilichomo kwenye oili iliyotoka kwenye injini: masalia ya mafuta yaliyoungua na chembe za vyuma vilivyosagika. Hiyo ndiyo niliyompaka kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka. Inaunguza vidonda, inapenya mwilini, na mbwa akijilamba anaimeza, ini na figo zinabeba mzigo. Akitapika ikaingia kwenye mapafu, hapo hali ni mbaya zaidi.

Haya, wapo mbwa waliopakwa wakapona. Sitabisha. Mafuta mazito huziba pumzi ya baadhi ya wadudu wanaoleta upele. Lakini waliokufa hakuna aliyewahesabu, maana tuliwazika migombani tukatafuta mtoto mwingine wa mbwa.

Kinachoniuma ni kwamba tangu watu wajue nafuga, swali ninaloulizwa ni lile lile: ananyonyoka manyoya, nimpake nini? Sijawahi kuulizwa "ana nini?" Na hapo ndipo tunapowaua. Manyoya kunyonyoka si ugonjwa mmoja. Kuna utitiri unaochimba chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Huo unawasha usiku kucha na unaambukiza mbwa wote wa uani. Kuna utitiri mwingine unaokaa kwenye vishina vya manyoya, huwapata sana watoto wa mbwa, wala hauambukizi hivyo. Kuna fangasi, mapunye yale yale wanayopata watoto wetu kichwani. Na kuna viroboto tu. Kwa macho vyote vinafanana, lakini dawa ni tofauti. Daktari wa mifugo anakwangua ngozi kidogo kwa wembe wake, anaweka kwenye kioo, anatazama kwa hadubini. Hiyo kazi haimalizi hata nusu saa.

Mtaniambia daktari ni hela. Ni kweli, na mwezi wenye ada za shule hela haipo. Ila hata anayekwenda duka la dawa za mifugo huishia kununua ivermektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo na utitiri, na kumchoma mbwa kwa kukadiria. Ile ya asilimia 1 imepimwa ml 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Mbwa wako ana kilo ngapi? Ulimpima? Na mbwa wa jamii ya kolie, pamoja na baadhi ya Jemani Shepadi, wapo ambao hata dozi wanayoimudu mbwa wengine inawapanda kwenye ubongo, wakatetemeka, wakapofuka, wakafa. Dawa ni nzuri sana, lakini mkononi mwa anayejua uzito na aina ya mnyama.

Wenye paka nao niwaambie hili moja: parasetamo usimpe paka, hata kipande. Ini lake haliwezi kuivunja, nusu kidonge tu kinaweza kumuua. Na chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala, dalili zikishatokea kwa mtu hakuna wa kumrudisha.

Ile Jumamosi tulimwogesha Simba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Pale mafuta yalipogandamana tulisugua kwanza kwa mafuta ya alizeti yakalainika. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino, ya pili kahawia, ya tatu yakaanza kuonyesha rangi ya beseni. Mtoto alimshika kichwa muda wote, anamwambia "tulia, tulia baba." Tukamvisha fulana ya zamani asijilambe.

Daktari alikuja Jumatatu, akakwangua, akatazama: ni ule utitiri unaochimba. Amemchoma sindano na atarudia baada ya siku 14. Alipokuwa anafunga begi, akamwona yule mtoto anajikuna kwenye viganja na tumboni, akamfunua fulana akakuta vipele. Utitiri wa mbwa humwasha na binadamu. Mama yake akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Na huyu juzi nilitaka nimpake ile ile."

Leo wameenda kituo cha afya. Oili nimeirudisha gereji mwenyewe.