Krimu Nusu Si Nguvu Nusu

Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilikuwa na kikopo ambamo nilikoroga krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, pamoja na mafuta ya kulainisha ngozi. Niliamini kwamba dawa kali ikichanganywa na kitu laini hupoa. Najua wengi bado wanakoroga hivyo, na kila nikiwafikiria naumia.

Chumvi ukiizimua kwa maji, ukali wake unapungua kwa kadiri ya maji uliyotia. Steroidi haiendi hivyo. Kinachopenya kwenye ngozi hakitegemei tu wingi wa dawa, bali pia kiasi kilichoyeyuka ndani ya krimu na urahisi wake wa kutoka humo. Katika krimu nyingine sehemu ya dawa haijayeyuka, imetawanyika tu kama chembe ndogo mno; ukiongeza mafuta, chembe hizo huweza kuyeyuka na nguvu ikabaki karibu ileile. Wakati mwingine hutokea kinyume: unapunguza kiyeyushi kilichokuwa kimeishika dawa, nayo inajitenga na kukaa juu ya ngozi bila kazi. Tangu McKenzie na Stoughton walipoeleza mwaka 1962 namna ya kupima steroidi kwa kutazama inavyopausha ngozi, vipimo vya aina hiyo vimeonyesha kwamba krimu iliyozimuliwa inaweza kupausha karibu sawa na isiyoguswa. Kwa hiyo anayezimua ili ajikinge na madhara huenda hajajikinga na chochote.

Kuna pia dawa zinazoharibika zenyewe. Betamethasoni valereti, mojawapo ya steroidi hizo, ina kijisehemu kilichoshikamana na kaboni namba 17 ya molekuli yake, na utindikali kidogo wa krimu ndio unaokituliza hapo. Ukiichanganya na losheni yenye ualkali, kijisehemu hicho huhamia kaboni namba 21, na dawa inayobaki ni dhaifu kuliko ile uliyoandikiwa. Rangi haibadiliki wala harufu. Mgonjwa anaona ukurutu haupoi, anadhani ngozi yake imeizoea dawa, kisha anaomba iliyo kali zaidi. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote.

Wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, wana mfano wao wa dawa mbili. Kalsipotrioli inahitaji mazingira ya alkali ili idumu. Betamethasoni dipropionati, ambayo ni steroidi, inataka tindikali. Ili ziishi pamoja katika tyubu moja, watengenezaji walilazimika kutafuta kibebeo, yaani kitu cha kubebea dawa, kisicho na maji. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kiganjani.

Na si kweli kwamba mchanganyiko hudhoofisha tu. Asidi ya salisiliki na urea hulainisha tabaka la juu la ngozi na kuifungulia steroidi njia, jambo la hatari usoni na kwenye kope, ambako ngozi ni nyembamba. Tena krimu ina maji, marhamu kwa kawaida haina. Ukizikoroga, muungano wa maji na mafuta unaweza kuvunjika, vihifadhi vinazimuliwa, na bakteria wanapata pa kukaa.

Sipingi mchanganyiko ulioandaliwa na mfamasia anayejua vitu hivyo vinapatana na vitadumu kwa muda gani. Lakini anayeona dawa yake ni kali mno aombe iliyo dhaifu. Zipo: Uingereza wanazipanga katika makundi 4 ya nguvu, Marekani 7. Asilimia iliyoandikwa kwenye tyubu isikudanganye, kwa maana haidrokotisoni ya asilimia 1 iko chini kabisa, wakati klobetasoli ya asilimia 0.05 iko juu kabisa.

Mafuta ya kulainisha ngozi ni ya lazima, ila yapake peke yake, halafu uache kama nusu saa kabla au baada ya steroidi. Mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo chake cha kwanza ni takriban gramu 0.5, na unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kipimo hicho kina maana tu ikiwa kilichomo kwenye tyubu ndicho kilichoandikwa nje.

Kikopo changu nilikitupa siku mfamasia aliponiuliza kina dawa ya asilimia ngapi, nami sikuwa na jibu.