Begi Langu Lilipopangiwa Bei

Shangazi yangu huuza nguo za watoto katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kama wafanyabiashara wengi wa mtaa huo waliochoka kununua kwa watu wa kati, hufuata mzigo mwenyewe hadi Pratunam, mtaa wa nguo za jumla jijini Bangkok. Safari hiyo alinichukua nimsaidie kubeba. Mzigo ulipokwisha kukabidhiwa kwa wakala wa usafirishaji, tulibakiwa na siku chache za kungoja ndege, nami nikamshawishi twende tukalione soko la majini la Damnoen Saduak, lililoko katika mkoa wa Ratchaburi, umbali wa kilomita 100 hivi kusini-magharibi mwa jiji. Alikubali kwa masharti mawili: tusipande gari la watalii, kwa kuwa hayuko tayari kulipa pesa za ziada ili atabasamiwe, na chakula tuende nacho, maana supu ya tambi inayouzwa kwenye mitumbwi mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe, naye hakutaka kuhoji kila sufuria kwa ishara za mikono.

Ndiyo maana asubuhi ile, tulipofika Sai Tai Mai, kituo cha mabasi yaendayo kusini, nilikuwa na begi mgongoni lenye mkate, chupa ya chai, kanga mbili za Shangazi, soksi zangu za akiba, hati zetu za kusafiria, na nusu kilo ya dagaa wa Kigoma waliokaangwa kwa pilipili na kufungwa katika mifuko mitatu ya plastiki, ambayo yote mitatu ilikuwa imeshindwa kazi.

Basi nambari 78 ni basi la wananchi. Tulikaa karibu na mlango, palipokuwa na upepo, na Shangazi alikuwa amekwisha kuvua viatu wakati alipopanda mtawa wa Kibudha, kijana aliyenyolewa nywele na nyusi, aliyevaa vazi la rangi ya zafarani. Konda aliwahi mbele yake akamwashiria Shangazi anyanyuke. Nchini Thailand viti vya namna hiyo hutengwa kwa ajili ya watawa, na mwanamke hatakiwi kumgusa mtawa hata kwa bahati mbaya, lakini hayo hatukuyajua, na Shangazi, ambaye amepanda daladala za Mbagala tangu ujana wake, alidhani anaporwa kiti. Alieleza kwa Kiswahili fasaha, kwa sauti iliyomfikia dereva, kwamba amelipa nauli kamili na haoni sababu ya kumpisha kijana mwenye miguu mizima. Ndipo abiria mmoja alipomwelekea mtawa, akaunganisha viganja mbele ya uso na kuinamisha kichwa ili tuone heshima anayopewa. Shangazi alinyanyuka mara moja.

"Kumbe ni shehe wao," aliniambia. "Sasa si wangesema mapema?"

Mimi, kwa kuwa ni mwanamume, niliachwa palepale, begi mapajani, bega kwa bega na mtawa. Tulipotoka nje ya jiji jua lilikuwa limelipasha begi moto, na dagaa wa Kigoma, kama anavyojua kila aliyewahi kusafiri nao, wakipata joto hujitambulisha wenyewe. Mtawa alivumilia kwa muda mrefu, nadhani kwa nguvu ya mafunzo yake, kisha akatoa kwenye mkoba wake kijichupa cha kunusa chenye mentoli na kafuri, kile ambacho Wathai wengi hutembea nacho, akakivuta kwa pua zote mbili, na kwa ukarimu ambao sitausahau akanipa na mimi nivute.

Gatini Damnoen Saduak kijana mmoja alituandikia nauli ya mtumbwi kwenye kikokotoo. Shangazi aliisoma, akacheka, akafunga mtandio wake vizuri na kuanza kuondoka. Mbinu hiyo haihitaji mkalimani. Kijana alimfuata, akaandika tarakimu nyingine, Shangazi akaondoka tena, na walipomaliza tulikuwa tumeketi ndani ya mtumbwi mwembamba wa mbao kwa bei iliyopungua nusu ya ile ya kwanza, tukipigiwa kafi na mama mmoja aliyevaa kofia pana ya majani ya mnazi. Yeye alikaa nyuma, Shangazi katikati, mimi mbele, na begi likakaa kwenye omo.

Mfereji wenyewe ulichimbwa kati ya mwaka 1866 na 1868, wakati wa Mfalme Mongkut, ili kuunganisha mto Mae Klong na mto Tha Chin, na wakulima wakaongeza mifereji yao midogo kwa ajili ya minazi na miti ya matunda. Soko likazaliwa kwa sababu mtumbwi ndio uliokuwa njia fupi ya kufikisha balungi kwa mnunuzi. Barabara zilipojengwa, sehemu kubwa ya biashara ya mazao ilihamia nchi kavu, na leo wanaowalisha wauzaji wa majini ni watalii zaidi. Hilo lina madhara yake. Kandokando ya mfereji kuna vibanda vya suruali zenye picha za tembo, feni za mkononi na mabegi, na wenye vibanda, badala ya kumwita mteja kwa maneno, hunyoosha upondo wenye kulabu, wakaunasa mtumbwi wake ubavuni na kuuvuta hadi kwenye bidhaa.

Msongamano ulipokolea tulinaswa na kulabu tatu kwa pamoja, mbili za upande wa kulia na moja ya kushoto, na kwa muda tukabaki katikati kama kamba ya mashindano ya shule. Kisha kulabu ya kushoto ikateleza kwenye ubavu wa mtumbwi, ikashika mkono wa begi langu, na mwenye upondo, mama wa makamo aliyekuwa akizungumza na jirani yake bila hata kututazama, akavuta. Begi lilipaa. Wakati huohuo mwenye kafi akaona upenyo mbele, akausukuma mtumbwi kwa nguvu zake zote, nasi tukaondoka tukiliangalia begi likitua taratibu katikati ya mabegi mengine mapya.

Nilipiga kelele, lakini katika soko lile kila mtu anapiga kelele. Mitumbwi yote ilielekea upande mmoja na hapakuwa na nafasi ya kugeuka, kwa hiyo ilitubidi tuzunguke mifereji ya pembeni ndipo turudi tulikotoka. Katikati ya mzunguko huo, huku nikimwazia afisa wa ubalozi nitakayemweleza kwamba pasipoti zetu zimevuliwa kwa ndoana, Shangazi aliusimamisha mtumbwi. Alikuwa amemwona bibi mmoja akimimina uji wa unga wa mchele na tui la nazi kwenye kikaango chenye vishimo.

"Hivi si vitumbua hivi?"

"Shangazi, begi!"

"Begi halina miguu, mwanangu. Vitumbua vinapoa."

Wathai huviita khanom krok, na lazima nikiri kwamba ni vitamu, ingawa nilivila nimesimama, jambo ambalo mwenye kafi alilipinga vikali kwa kuwa mtumbwi ulikuwa unayumba.

Tulipofika kwenye kile kibanda, yule mama wa upondo hakuwapo, na mahali pake alikaa msichana ambaye bila shaka alikuta begi limewekwa pamoja na bidhaa, akalipokea kama bidhaa. Mbele yake, ndani ya mtumbwi mwingine, Mzungu mmoja mrefu alikuwa amelishika begi langu na kulikagua mishono. Nililinunua mtumbani Ilala, rangi imepauka na mfuko wa pembeni umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, lakini kuna watalii ambao kitu kipya hakiwavutii mpaka kionekane kimepata shida. Nilitaka kuruka. Shangazi alinishika shati.

"Ngoja kwanza. Amefika bei gani?"

Kikokotoo kilisomeka baht 400. Shangazi alikokotoa kichwani, akaona kwamba fedha hiyo inazidi mara mbili shilingi nilizolinunulia Ilala, na nikaona uso wake ukibadilika kama wa mtu aliyepata mteja kabla ya kufungua duka. Nilimkumbusha kwamba pasipoti yake imo humo. Hapo ndipo alipounyosha mkono, akalinyakua begi kutoka kwa Mzungu na kulifungua mbele ya hadhara, ili kila mtu aone kwamba lina mwenyewe. Alitoa kanga, akatoa pasipoti, akatoa chupa ya chai, na mwisho mifuko mitatu ya dagaa, ambayo kwa mchana ule wa jua ilijibu maswali yote. Msichana alirudi nyuma. Mzungu alirudi nyuma kadiri mtumbwi ulivyomruhusu.

Lakini yule mama wa upondo, aliyekuwa akirejea na bakuli lake la tambi, alinusa kutoka mbali na kuongeza mwendo. Thailand nako samaki wakavu huheshimiwa. Alichukua dagaa mmoja, akamtafuna akiwa amefumba macho, akamchukua wa pili, kisha bila kuuliza habari za begi wala kuomba radhi akavuta kikokotoo na kuandika tarakimu. Shangazi alikipokea, akaifuta na kuandika yake. Waliendelea hivyo, kila mmoja akijifanya anaondoka, mmoja akiwa dukani kwake na mwingine akiwa ndani ya mtumbwi usio na pa kwenda, mpaka wakakubaliana kwa baht 150, na dagaa wa Kigoma wakahamishiwa kwenye bakuli la plastiki.

Mzungu alikuwa bado yupo. Alipoona begi limebaki tupu na hewa imetulia, alisogea tena, akagusa ule mfuko wenye uzi wa rangi nyingine, akakichukua kikokotoo na kuandika 450.

Shangazi aliitazama ile tarakimu, akanitazama mimi.

"Ondoa soksi zako humo," akasema.