"Expedient": yafaa, lakini yamfaa nani?

Mwanasiasa akiitwa "expedient" katika gazeti la Kiingereza, hajasifiwa. Maana yake anatazama kinacholipa, haki baadaye. Wengi wetu tumelijua neno kwa upande huo tu, na hapo ndipo linapoonewa.

Asili yake ni Kilatini: "ex", nje, na "pes", mguu, wenye shina "ped-". "Expedire" ni kuunasua mguu uliofungwa. Kinyume chake ni "impedire", kuufunga. Mizigo ya jeshi la Roma iliitwa "impedimenta" kwa kuwa iliwakwamisha askari njiani. Kilicho "expedient", basi, ni kinachokufungua uendelee na safari. Ubinafsi haumo.

Tazama Biblia ya Kiingereza ya 1611. Katika Yohana 11:50 Kayafa, kuhani mkuu, anadai ni "expedient" mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Katika 16:7 Yesu analitumia neno hilohilo kuwaambia wanafunzi kuhusu kuondoka kwake. Kigiriki, lugha ya asili ya Injili hiyo, nacho kina kitenzi kimoja mahali pote pawili. Njama ya mauaji na maneno ya faraja, neno moja! Union Version ya Kiswahili inasema "yawafaa ninyi" kwa Yesu, lakini kwa Kayafa ni "yafaa" tupu, wakati Kiingereza cha 1611 kina "for us", yaani sisi. Hicho kijineno kilichodondoka ndicho kinachobeba kesi nzima, maana kinamtaja anayefaidika.

Wapo wanaojibu kwamba neno huishi kwa matumizi, si kwa ukoo wake. Ni kweli, na si jambo la jana: mwaka 1861 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alikiri kwamba "expedient" ikitenganishwa na haki, kwa kawaida humaanisha kinachomfaa mtendaji mwenyewe, kama waziri anayeiuza nchi ili abaki na cheo.

Ila sheria haijalitupa. Sheria ya dharura ya Uingereza ya 1939 iliruhusu kanuni zinazoonekana "necessary or expedient" kwa usalama wa umma, yaani za lazima au zinazofaa. Mfasiri akikuta maneno hayo, "-faa" inamtosha. Hata "maslahi" peke yake haina doa, ndiyo maana tunasema maslahi ya walimu. Akiongeza "binafsi" kwa mazoea ya magazeti, atakuwa ameiandikia serikali ungamo ndani ya sheria yake yenyewe.