Nilivyomzamisha Baba Mdogo kwa Wino

Mkufunzi wetu alitugawa makundi, kila kundi kazi moja: filamu fupi ya kutisha ya dakika saba, bango lake, na jalada la jarida la kubuni linaloipigia debe. Kundi letu lilikuwa na mwenye kamera, mwenye kinasa sauti na mwenye mdomo. Mimi nilikuwa na laptopu, basi nikaitwa mdizaini.

Hadithi hatukuihangaikia. Kigoma hakuna mtoto asiyejua habari za meli ya Liemba: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, baada ya kuzipaka mashine grisi nzito zisioze, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria kama vile ilikwenda likizo. Mwenye mdomo akasema, "Kama meli imekaa chini miaka minane ikarudi kazini, mvuvi anashindwa nini?" Hiyo ndiyo ikawa filamu yetu. Mvuvi anazama, halafu kila usiku anarudi kumgongea mkewe akidai ugali wake. Tukaiita *Ziwa Limemrudisha*.

Wa kuigiza mvuvi alikuwepo tayari. Baba Mdogo anavua dagaa Kibirizi, ana macho makubwa yaliyozoea kukesha yakitazama taa juu ya maji, na hata asipopakwa chochote, watoto wa jirani humkimbia. Pesa alikataa. Alitoa sharti moja tu: jina lake liandikwe lote, matatu, herufi kubwa, nyeupe. "Lionekane mpaka ng'ambo," alisema, akimaanisha Kongo.

Damu tulitumia mawese. Mtu aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini. Yapo kila jiko, ni mekundu, na kwenye kamera yanang'aa vizuri kuliko rangi ya duka. Tatizo lake ni ubaridi. Tulianza kupiga picha jua linazama, upepo wa ziwa ukaja, na damu ikaganda. Ilishika ndevu za Baba Mdogo kama nta ya mshumaa, vidonge vidonge vya rangi ya chungwa. Ikabidi kila baada ya dakika chache ainamie jiko la mkaa ili avuje tena, huku Mama Mdogo akilalamika mlangoni kwamba hiyo ni lita nzima ya mboga zake. Baba Mdogo alinawa kwa sabuni ya unga, lakini ndevu zilibaki na wekundu. Mkumbuke wekundu huo.

Bango nililitengeneza usiku mmoja, taa ya chumba nimezima, mwanga wa laptopu nimeupandisha mpaka mwisho. Lilikuwa zuri, Mungu anisamehe kwa kujisifu. Usuli mweusi tii. Katikati uso wa Baba Mdogo ukichomoza majini. Juu, kwa herufi nyeupe: ZIWA LIMEMCHUKUA. Chini yake, kwa wekundu mzito wa damu ya mzee, jina la filamu: ZIWA LIMEMRUDISHA. Kisha maneno "filamu ya kutisha" na ukumbi wa chuo, vyote kwa damu ileile. Halafu majina yake matatu, meupe, na mwisho kabisa, jeupe pia: IJUMAA, SAA 8 MCHANA.

Sasa nieleze kosa, maana nimelilipia. Kioo cha laptopu kinawaka. Rangi zake ni mwanga, nyekundu na kijani na bluu, kwa hiyo hata wekundu wa kiza unaangaza kama kaa la moto. Karatasi haiwaki. Mashine ya kuchapa inachanganya wino, samawati, majenta, njano na nyeusi, na wekundu mzito ukimwagwa juu ya weusi mzito, vyote viwili vinakuwa lami. Mkufunzi alilifundisha hilo siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi. Mimi nilichokishika siku hiyo ni kwamba bango la A3 linataka picha ya nukta 3508 kwa 4961, nikaona kwa namba hiyo peke yake mimi ni bingwa.

Dada wa steshenari alitoa nakala ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Kaka, mbona nyeusi hivi?"

"Ni ya kutisha," nikamjibu, macho yangu yakiwa kwenye simu.

"Nitoe zote?"

"Toa."

Jalada la jarida lilikuwa na usuli mweupe, kwa hiyo lenyewe lilisomeka. Ila jina la jarida nililibandika juu kabisa bila kuacha nafasi ya kisu, na dada alipokata kingo, jina likaenda na vipande. Yakabaki uso wa Baba Mdogo, mistari ya bei, "Sh 3,000", na kichwa cha habari ambacho nilikionea fahari kuliko vyote: MKEWE AFUNGUKA: "NILIJUA HATARUDI".

Nikamkabidhi mwenye mdomo furushi lote, akabandike soko la Mwanga, stendi na mwalo wa Kibirizi, bango na jalada ubavu kwa ubavu. Simu ilishakata chaji. Nikaichomeka, nikalala.

Niliamka usiku umeingia, njaa inauma, na mtu wa chuo mwenye njaa huenda kwa Mama Mdogo. Nikaiweka simu mfukoni bila kuiwasha, nikashika njia. Kutoka mbali nikaona turubai. Viti vya plastiki. Wazee kwenye mikeka, birika la kahawa linazunguka. Kutoka ndani, kilio cha wanawake.

"Nani?" nikamuuliza jirani.

"Pole, kijana. Baba yako mdogo. Ziwa."

Nililia. Nasema nililia! Wenzangu walikuwa wameshatulia kidogo, mimi nikawaamsha upya. Baba Mdogo aliondoka jioni kwenda kuvua, giza la mwezi ndilo msimu wao, na simu huiacha nyumbani isilowe. Kilichobaki nilijua mwenyewe: Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, hakuna ziwa duniani lililolizidi isipokuwa Baikal. Humo unamtafuta mtu kwa kamba gani? Nilipofikiri hivyo nikaanza upya.

Wakanipa maji, kisha wakanipa daftari la rambirambi kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikaandika huku machozi yanadondokea kalamu. Elfu mbili, elfu tano, mtu mmoja mia tano na akataka risiti. Halafu mzee wa mtaa akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze mapema, tusimlaze na deni. Akasimama fundi wa injini: elfu hamsini. Akasimama muuza taa za sola. Akasimama bwana mmoja mwembamba, akasema marehemu alimwazima baiskeli tangu mwaka juzi. Nilishangaa kidogo, maana Baba Mdogo hajui kuendesha baiskeli, lakini msibani hubishani na mtu.

Kilichonishtua ni kingine. Kila kaya mpya iliyofika ilitoa elfu tatu kamili.

"Nani amepanga elfu tatu?" nikauliza.

"Si imeandikwa kwenye tangazo?"

"Tangazo gani?"

Akaninyooshea kidole kwenye nguzo ya umeme. Nikaenda na tochi ya mtu. Karatasi nyeusi. Uso wa Baba Mdogo. ZIWA LIMEMCHUKUA. Majina matatu. IJUMAA, SAA 8 MCHANA. Basi. Kati ya mistari hiyo palikuwa na weusi mtupu, na ukiinamisha karatasi sana, kwa mbali, kitu kama doa la mafuta kilichowahi kuwa jina la filamu. Pembeni yake jalada langu, na bei.

Ndipo nikaelewa pia kwa nini wanawake walikuwa wanamlilia marehemu huku wanamtazama Mama Mdogo kwa jicho la pembeni. "Alijua mapema," mmoja alinong'ona. "Kasema mwenyewe, gazetini." Na lile swali la kwa nini Mwislamu anasubirishwa mpaka Ijumaa lilikuwa na jibu tayari: mwili haujapatikana, kwa hiyo ataswaliwa ghaibu baada ya swala ya Ijumaa. Kila kitu kilikuwa kimeingiana. Sijawahi kutengeneza kazi iliyoeleweka vizuri namna ile.

Nikarudi, nikasimama katikati ya mikeka. "Wazee wangu, Baba Mdogo hajafa. Ni mimi. Ni mimi niliyefanya."

Kimya. Mzee mmoja akanivuta mkono taratibu, akaniketisha. "Kaa, mwanangu. Kila mfiwa hujilaumu."

"Ni wino, mzee! Wino!"

"Mleteeni maji tena."

Nikakumbuka simu. Nikaiwasha, nikafungua bango lenyewe. Kwenye kioo lilikuwa linawaka vilevile, damu inang'aa, kila neno mahali pake. Nikampa mzee wa mtaa asome mwenyewe. Akaisogeza simu mbali, akaikaribisha, akaisogeza tena, midomo inacheza.

"Ziwa... lime... limemrudisha." Akaruka juu. "Amepatikana! Jamani, mwili umepatikana!"

Kilio kilichopanda pale nadhani kilisikika mpaka Ujiji. Simu yangu ikachukuliwa ikapitishwa mkono kwa mkono, kila anayeiona analia. Mzee mwingine akatikisa kichwa akasema ziwa hili lina kawaida ya kurudisha, hata Liemba lilirudisha. Kuna aliyeongeza kwamba Liemba ilipakwa grisi. "Na yeye juzi alipakwa mawese," akasema mtoto wa jirani. Watu wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Mimi ningecheka, lakini nilikuwa mfiwa.

Vijana sita wakatumwa msikitini kuchukua jeneza na kwenda nalo mwaloni. Nilitaka kuwafuata, wakanishikilia, "Huyu asije akajitupa majini."

Yaliyotokea mwaloni nimesimuliwa. Mitumbwi ilirudi alfajiri. Baba Mdogo akashuka na ndoo yake ya dagaa, kofia ya sufi imefunika masikio, akakuta vijana asiowajua wamesimama na jeneza tupu. Akauliza msiba wa nani. Wakamwambia, mvuvi mmoja wa pale juu, tumeambiwa ziwa limemrudisha lakini hatumwoni. Akasikitika sana. Akawashauri warudi waulize vizuri. Na kwa kuwa njia ilikuwa moja, na kubeba jeneza kuna thawabu, akaweka ndoo yake ndani ya jeneza na kutia bega.

Hivyo ndivyo alivyofika. Alijibeba mwenyewe, pamoja na dagaa.

Alipoona turubai liko kwake, akaachia mti wa jeneza. Mtu aliye hai akikuta msiba nyumbani kwake hawezi kudhani ni wake. "Mke wangu!" akapiga ukunga. "Mke wangu jamani, nilimwacha mzima!" Akavua kofia, akaitupa chini, na watu wote wakageuka wakaona, kwenye mwanga wa alfajiri, macho yale makubwa na ndevu nyekundu.

Baadaye nilihesabu malapa yaliyobaki uani: kumi na tisa, na nyingi hazikuwa na pea. Mzee wa mtaa, mwenye mkongojo, aliruka michongoma. Bwana wa baiskeli alikwenda mbio zisizohitaji baiskeli. Mama Mdogo peke yake hakukimbia. Alitoka ndani, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza, "Ndoo iko wapi?"

Nilieleza. Nilieleza nikiwa mbali, ng'ambo ya kisima. Baba Mdogo hakunipiga. Aliomba daftari. Akalisoma lote, mstari kwa mstari, kidole kinatembea, akaguna kwenye ile mia tano, akakaa sana kwenye ukurasa wa madeni. Halafu akaomba jalada, akamsomea Mama Mdogo kichwa cha habari kwa sauti, akamuuliza alijua nini hasa na tangu lini. Hilo ndilo lililonichukua wiki mbili kulisafisha. Madeni yaliisha mapema zaidi.

Ijumaa saa nane ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Makundi mengine yalipata watazamaji kumi na wawili, wote wa ukoo. Sisi walikuja Mwanga, Kibirizi na nusu ya Ujiji, kila mmoja akidai elfu tatu zake. Baba Mdogo alikaa mlangoni mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, daftari mapajani.

"Wewe ulitoa elfu tatu. Kiingilio elfu moja. Hii hapa elfu mbili, ingia." Wa mia tano akaambiwa aongeze mia tano nyingine. Kisha akaja bwana mwembamba, na Baba Mdogo akafunga daftari.

"Wewe kaa hapo pembeni," akamwambia. "Kwanza nieleweshe ilikuwa ya rangi gani."