Aliyemwangusha waziri Nyamagana hakuwa kigeugeu

Oktoba 2010 wapiga kura wa jimbo la Nyamagana, jijini Mwanza, walimwangusha Lawrence Masha akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wakampa ubunge Ezekia Wenje wa Chadema, ambaye nje ya Mwanza wengi walikuwa hawajawahi kumsikia. Katika uchaguzi huohuo Ilemela ilimwacha Anthony Diallo, waziri wa zamani, ikamchukua Highness Kiwia. Ukerewe nayo ikaenda kwa Salvatory Machemli. Mwaka 2015 Nyamagana na Ilemela zikarudi CCM. Tangu hapo, kila uchaguzi ukikaribia, hukosi kusikia kwamba watu wa Mwanza ni bendera fuata upepo, leo huku kesho kule.

Kauli hiyo inawaonea. Anayesema hivyo ameangalia nani alishinda, hajaangalia walioshindwa waliwalazimisha washindi wafanye nini. Ili kuirudisha Nyamagana, CCM haikuleta waziri mwingine. Ilimsimamisha Stanslaus Mabula, mtu aliyepitia udiwani na umeya wa jiji hilohilo, aliyekwishakaa vikao vya mitaro na soko kabla ya kuomba kwenda Dodoma. Kwa maoni yangu, ushindi wa Wenje ndio uliolazimisha mgombea wa aina hiyo. Miaka mitano ya mpinzani asiye na jina kubwa ilikifundisha chama tawala kwamba cheo cha kitaifa hakitoshi kumtuliza mtu wa Mabatini ambaye maji hayapandi mlimani kwake.

Faida hiyo ya mpinzani huwa haihesabiwi, na katika serikali za mitaa ina uzito kuliko bungeni. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayekugusa kila wiki. Unauza kibanda chako juu ya mawe ya Igogo, mahali ambapo hati miliki ni habari ya kusikia tu: karatasi ya mauziano inakwenda kwa mwenyekiti, anakuuliza mpaka unaishia kwenye jiwe lipi, anaita majirani wa pande zote wathibitishe, ndipo anasaini. Mtoto anahitaji kitambulisho cha taifa, barua inatoka kwake. Ndugu amewekwa mahabusu, mdhamini anaulizwa kama mtaa unamtambua. Mwenyekiti mwenye uhakika kwamba hakuna wa kumng'oa anaweza kuikalia saini hiyo mpaka utoe kitu kidogo. Akijua kuna fundi seremala mtaa wa pili anayeheshimika na anayeitamani nafasi yake, anasaini siku hiyohiyo. Fundi huyo hata asiposhinda, ameshaufaa mtaa.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Mgeni wa siasa akishinda huja na kelele nyingi na uzoefu mdogo. Mwanza ililiona hilo: Chadema iliyokuwa na nguvu katika Halmashauri ya Jiji baada ya 2010 ilianza kugombana yenyewe kwa yenyewe, ikawafukuza uanachama baadhi ya madiwani wake, na umeya ukaiponyoka kabla muhula haujafika katikati. Mpiga kura aliyekata tamaa mwaka 2015 alikuwa na sababu. Wapo pia wanaosema, na siwapuuzi, kwamba chama ndicho kinachomchuja mgombea. Ondoa chama, na mwenye fedha za samaki au dhahabu atanunua mtaa mzima kwa fulana na pilau.

Lakini hoja hizo zote zinachukulia kwamba mpiga kura amepewa nafasi ya kulinganisha. Hapo ndipo takwimu moja inaponisumbua. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2014, CCM ilipata takriban theluthi mbili ya mitaa nchini. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ilitangazwa kupata asilimia 98.83 ya mitaa. Mitaa ndiyo miji: ni Nyamagana, Ilemela, Arusha, Mbeya, Ubungo, sehemu ambazo upinzani ulikuwa na mizizi. Tukiamini kwamba wakazi wa mijini wamebadili mioyo kwa kiasi hicho ndani ya miaka kumi, tutafute ni kitu gani kimewabadili. Wenye kuitetea asilimia hiyo hutaja miradi, na kweli miradi ipo: daraja la Kigongo–Busisi la takriban kilomita tatu limekatiza ziwa, reli inajengwa. Nakubali kwamba mtu anaweza kumshukuru Rais kwa daraja. Ila daraja halisaini karatasi ya mauziano Igogo, na mwenyekiti wa mtaa hakulijenga.

Maelezo mengine yako wazi zaidi. Mwaka 2019 Chadema na vyama vingine vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na mwaka 2024 malalamiko yakawa yaleyale: fomu imekosewa kujazwa, jina halikuandikwa sawasawa. Ni kweli pia kwamba vyama vya upinzani havikusimamisha wagombea katika maeneo mengi, na hilo ni kosa lao wenyewe. Mtandao wa mabalozi wa nyumba kumi wa CCM haukujengwa kwa siku moja. Hata hivyo, kura isiyopigwa kwa sababu jina halimo kwenye karatasi haiwezi kuhesabiwa kuwa kura ya kuridhika. Asilimia 98.83 inatuambia nani alibaki kwenye karatasi, na juu ya mawazo ya watu wa Mwanza inatuambia kidogo sana.

Hasara yake huonekana baadaye. Mwishoni mwa 2016 machinga walipofukuzwa katikati ya jiji la Mwanza, waliookolewa waliokolewa na agizo la Rais Magufuli kutoka juu. Madiwani na wenyeviti wao hawakuwa ngao yao. Kisha mwaka 2021 wamachinga nchi nzima wakahamishwa tena, kwa agizo vilevile. Muuza mitumba wa Makoroboi ameachwa akisubiri huruma ya mkubwa, kwa kuwa walio karibu naye hawana cha kupoteza wasipomsikiliza.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wana njia tuliyoikataa. Kisumu, nchini Kenya, ni ngome ya chama cha ODM, lakini jimbo la Kisumu Mashariki lilimchagua Shakeel Shabbir kama mgombea binafsi, asiye na chama, mwaka 2017, likarudia 2022. Aliwahi kuwa mbunge wa ODM mwenyewe, na wakosoaji watasema mgombea binafsi mara nyingi ni mtu aliyekosa tiketi ya chama. Na iwe hivyo. Wapiga kura walimtaka, na hawakulazimika kukana chama chao ili wampate. Kwetu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipigania haki ya mgombea binafsi miaka mingi. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema Tanzania inakiuka haki za raia wake. Sheria haijabadilika.

Ningekuwa na la kuamua, ningeanzia mtaani, ambako hatari ya kuyumbisha nchi ni ndogo. Fundi wa Igogo au mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba aruhusiwe kugombea uenyekiti kwa saini za wakazi wenzake bila kadi ya chama chochote. Fomu yenye kosa la herufi irudishwe kwa mwombaji airekebishe mbele ya msimamizi kabla ya muda kuisha. Na usimamizi wa uchaguzi huo utoke TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, uende Tume ya Uchaguzi, kwa sababu waziri anayetoka katika chama kinachoshindana hapaswi kuwa ndiye anayetunga kanuni za mchezo huo na kutangaza matokeo yake.