Moyo Kwanza au Ubongo Kwanza?

Fangasi wakiota kwenye vali ya moyo hujenga kinundu laini. Kila vali inapofunguka na kufunga, kinundu hutikisika, na kipande kikimeguka kinaweza kuchukuliwa na damu hadi ubongoni. Kikinasa kwenye tawi jembamba la ateri, fangasi huanza kuula ukuta wa mshipa. Ukuta hulegea, hutuna kama kipovu, na unaweza kupasuka wakati wowote.

Ubishi upo kwenye mpangilio wa tiba. Kubadilisha vali kunahitaji mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na damu inayopita humo hutiwa heparini isigande. Damu hiyohiyo ndiyo inayofika kwenye kipovu. Kikipasuka mgonjwa akiwa mezani, ni vigumu sana kuizuia damu. Ndiyo maana wengi husema kama ubongo umeshavuja damu, moyo usubiri kama wiki 4. Hofu hiyo ni ya haki kabisa.

Ila tahadhari hiyo imejengwa zaidi juu ya bakteria. Daktari William Osler alipokiita kipovu cha namna hii “mikotiki”, yaani cha fangasi, mwaka 1885, alitazama vinundu vya vali vinavyofanana na uyoga. Kumbe mara nyingi chanzo ni bakteria, na vipovu vya bakteria huweza kunywea kwa antibiotiki. Kwa fangasi huwezi kutegemea hilo. Amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi, hupenya kwa shida ndani ya kinundu, na Aspergillus, mmoja wa fangasi hao, ni nadra kuota damu inapooteshwa maabara, kwa hiyo siku nyingi huwa zimeshapotea kabla ugonjwa haujajulikana. Ukiongeza wiki 4 juu ya hizo, vali inaendelea kurusha vipande.

Mimi naegemea njia ya tatu: kipovu kizibwe kwanza kwa koili, yaani waya laini zilizojisokota, zinazopitishwa ndani ya mshipa, bila kufungua fuvu, kisha vali itolewe baada ya siku chache. Lakini koili mara nyingi huziba na tawi lenyewe. Tawi hilo likiwa ndilo linalolisha sehemu ya ubongo inayosimamia kusema au kutembea, nakubaliana na wanaosubiri, mradi picha ya mishipa irudiwe mara kwa mara na daktari wa moyo awe tayari kuingia siku kipovu kitakapoonekana kukua.