Aliyepoteza Bunduki na Aliyepoteza Vita

Juma lililopita nilimsikia mchambuzi mmoja wa redio akisema, kwa kujiamini kabisa, kwamba wanajeshi wastaafu wa Marekani wanaopinga vita vya nchi yao ni watu wasio na shukrani, kwa sababu walijiunga na jeshi kwa hiari, wakalishwa, wakavishwa na kulipwa, na kwamba kazi ya askari ni kutii amri na wala si kuhoji siasa. Mtangazaji alimshukuru, yakafuata matangazo ya biashara. Kwa kuwa hakuna aliyemjibu, nitamjibu mimi.

Hao anaowabeza si kikundi cha watu wachache waliochanganyikiwa. Mwaka 2019 kituo cha utafiti cha Pew kiliwahoji wastaafu wa jeshi la Marekani, na asilimia 64 wakasema vita vya Iraq havikustahili kupiganwa. Kuhusu Afghanistan waliosema hivyo walikuwa asilimia 58. Tena jambo lenyewe si la jana. Mwezi Aprili 1971, mamia ya askari waliorudi kutoka Vietnam walizivurumisha nishani zao mbele ya jengo la Bunge mjini Washington, na mmoja wao, luteni John Kerry, akawauliza maseneta unamwambiaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa. Kerry huyo huyo, akiwa sasa amekaa upande wa pili wa meza kama seneta, Oktoba 2002 alipiga kura ya kumruhusu Rais Bush kuivamia Iraq. Kiti cha Seneti, inaonekana, kina namna yake ya kumsahaulisha mtu.

Lakini hoja inayonikera zaidi ni hiyo ya utii, kwa sababu inachukulia kwamba jeshini kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hubeba mzigo wa matendo yake. Mwaka 2007 Luteni Kanali Paul Yingling, ambaye alikuwa ametumikia Iraq na alikuwa bado amevaa sare, aliandika katika jarida la kijeshi kwamba askari wa kawaida akipoteza bunduki hupata adhabu kubwa kuliko jenerali aliyepoteza vita. Kwa miaka kumi na minne iliyofuata, wakubwa wa nchi ile walijitahidi kumthibitishia kuwa alisema kweli.

Tazameni siku nne tu za Agosti 2021 mjini Kabul, Marekani ilipokuwa ikiondoka Afghanistan. Tarehe 26 bomu lililipuka kwenye lango la uwanja wa ndege na kuwaua wanajeshi 13 wa Marekani pamoja na Waafghani wapatao 170. Siku hiyo hiyo Luteni Kanali Stuart Scheller wa kikosi cha Marine alijirekodi akiwa ndani ya sare, akauliza kama kuna mkubwa yeyote aliyenyanyua mkono kukiri kwamba mambo yaliharibika mikononi mwake. Kesho yake alivuliwa uongozi wa kikosi chake, baadaye akawekwa mahabusu, na mwezi Oktoba akasimama mbele ya mahakama ya kijeshi na kukiri makosa. Tarehe 29 ya Agosti hiyo hiyo, ndege ya Marekani isiyo na rubani ilikuwa imelipua gari moja katika mtaa wa makazi mjini humo, ikaua raia 10, saba kati yao wakiwa watoto, baada ya wataalamu kujiridhisha kwamba dereva ni gaidi. Alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Mwezi Desemba Wizara ya Ulinzi ikatangaza kwamba hakuna mwanajeshi atakayeadhibiwa kwa tukio hilo. Waziri aliyeafiki uamuzi huo, Lloyd Austin, jenerali mstaafu, alikuwa ametokea kwenye bodi ya Raytheon, kampuni inayotengeneza makombora. Aliyeuliza swali akafungwa. Walioua watoto saba wakasamehewa. Halafu tunaambiwa nidhamu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Scheller alivunja kanuni na alijua anazivunja, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa akipinga vita. Alidai uwajibikaji tu. Nakubali pia kwamba wastaafu wengi huzungumzia zaidi majeraha yao kuliko makaburi ya Wairaki. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya wanajeshi na wastaafu 30,000 wa vita vya baada ya Septemba 2001 walijiua, idadi inayozidi mara nne ile ya waliouawa vitani, na sioni ni kwa haki gani tungewaambia wanyamaze kuhusu hilo. Machi 2008 wastaafu wa Iraq na Afghanistan walikusanyika Silver Spring, Maryland, wakaeleza kwa vinywa vyao waliyowatendea raia. Ushahidi kama huo hautolewi na mtu anayetafuta sifa.

Wala si kila mkosoaji ni mtu wa pembeni. Andrew Bacevich, kanali mstaafu aliyepigana Vietnam na baadaye kuwa profesa mjini Boston, aliipinga vita ya Iraq kwa maandishi yake. Mei 2007 mwanawe, luteni wa jeshi, akauawa huko huko Iraq. Miongoni mwa ujumbe uliomfikia baba huyo akiwa msibani ulikuwamo uliomlaumu yeye kwa kifo hicho, kwamba kalamu yake ilimpa adui nguvu. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado hasira hainiishi.

Wanachodai wengi wao ni kidogo mno: kwamba Bunge lipige kura kabla ya kila vita. Sheria ya kumruhusu Rais kutumia jeshi, iliyopitishwa tarehe 14 Septemba 2001, huku mbunge Barbara Lee akiwa peke yake dhidi ya 420 katika Baraza la Wawakilishi, iliwalenga waliohusika na mashambulizi ya siku tatu kabla, lakini ikaja kutumika hata dhidi ya Al-Shabaab, kundi ambalo siku ile halikuwepo. Ndivyo vita hivyo vilivyofika mpaka Manda Bay, Lamu, ambako Wamarekani watatu waliuawa alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020. Sidhani kama wapiga kura wao wengi walijua kwamba wana kambi huko.

Nasi Wakenya tusicheke. Majeshi yetu yalivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na kambi yetu ya El Adde ikavamiwa Januari 2016. Idadi ya vijana wetu waliofia pale serikali haikuitangaza, na wastaafu wetu, ambao wangeweza kutueleza, hakuna kituo cha redio kinachowaalika.